Pasi au shupaza tatu? Na karata ya kwanza itoke wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Tudor, na huu ni mwaka wa pili nacheza briji ya jozi na binamu yangu. Juzi, hakuna upande uliokuwa hatarini (hali ambayo adhabu na zawadi huwa kubwa zaidi), wa kulia kwangu alifungua kopa moja. Nilikuwa na shupaza ree-ghulamu-9-7-3, kopa bibi-10-4, uru mfalme-ghulamu-5 na pau 7-2. Nikaingilia kwa shupaza moja. Wa kushoto akasema kopa mbili, binamu yangu shupaza mbili, wa kulia kopa tatu. Nikasema shupaza tatu. Wa kushoto akapiga dabo (dau la kukuza hasara ya mkataba ukianguka, au faida yake ukitimia), tukaanguka mapigo mawili (pigo ni mzunguko mmoja wa karata nne), hasara ya 300. Binamu yangu hakuninunia, ila aliuliza kwa nini sikupasi. Je, ningepasi? Ningepasi, mimi ndiye ningetoa karata ya kwanza, na nilishajiandaa kutoa ree ya shupaza. Ingekuwa sawa? Au ile kopa tatu ningeipiga dabo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ungepasi. Na ungepasi kisha ukatoa ree ya shupaza, wangekula mapigo yao 9 (kopa tatu ni ahadi ya mapigo sita na matatu zaidi) na kuondoka na 140. Dabo nitaiacha mwisho, maana ndiyo inayohitaji hesabu kubwa.

Umenitumia karata za mikono yote minne, vizuri sana. Naziandika hapa ili na wasomaji wengine wazione:

Wewe: shupaza ree-ghulamu-9-7-3, kopa bibi-10-4, uru mfalme-ghulamu-5, pau 7-2.
Binamu yako: shupaza bibi-8-4, kopa 7-5, uru 10-7-3-2, pau ree-ghulamu-9-4.
Wa kulia kwako: shupaza mfalme-2, kopa ree-mfalme-9-8-6, uru ree-9-8-4, pau 5-3.
Wa kushoto kwako: shupaza 10-6-5, kopa ghulamu-3-2, uru bibi-6, pau mfalme-bibi-10-8-6.

Ulizihesabu pointi zako (ree 4, mfalme 3, bibi 2, ghulamu 1) ukapata 11, ukaona una karata tano za shupaza na mwenzako amekuunga mkono, ukapanda. Pointi hizo hukuziuliza zimekaa wapi. Bibi wa kopa ni pointi mbili kwenye karatasi, lakini ukicheza shupaza wewe, bibi huyo anasubiri ree na mfalme wapite kwanza, na mwisho wake ni pigo moja la kuchelewa. Wakicheza kopa wao, bibi huyohuyo amekaa nyuma ya ree na mfalme, anacheza baada ya mwenye rangi, na pigo lake hakuna wa kumnyang'anya. Kwenye ushindani, karata za heshima ulizo nazo ndani ya rangi ya wapinzani ni karata za kulinda. Ukiwa nazo, uzito wako unakuvuta upande wa pasi.

Sasa idadi ya turufu. Mwaka 1969 Mfaransa Jean-René Vernes alichapisha makala akieleza jambo ambalo miaka ya 1990 lilienezwa sana na bingwa wa Marekani, Larry Cohen. Jumlisha turufu za upande wenu katika rangi yenu bora na turufu za wapinzani katika yao. Jumla hiyo hukaribiana na jumla ya mapigo ambayo kila upande ungekula ukicheza rangi yake. Kutokana na hapo ikaja kanuni ya mezani: ukiwa dhaifu au pointi zimegawanyika sawa, nadi hadi idadi ya mapigo ilingane na idadi ya turufu zenu wawili. Turufu 8, simama ngazi ya pili. Turufu 9, unaweza kwenda ya tatu. Turufu 10, ya nne.

Ninyi mlikuwa na ngapi? Wewe tano. Binamu yako aliposema shupaza mbili aliahidi tatu. Angekuwa na nne na mkono dhaifu, jozi nyingi hukubaliana aruke moja kwa moja hadi shupaza tatu. Kwa hiyo ni 8. Wao nao kopa zao ni 8: tano za aliyefungua na tatu za mwenzake. Jumla 16. Kwenye mkono huu sheria ya Vernes imekaa sawasawa, jambo ambalo halitokei kila siku: shupaza zina mapigo 8 mtu akicheza vizuri (mlikula 7, lakini 8 yalikuwemo), na kopa zina mapigo 8 wakilindwa vizuri.

Usinisikilize mimi wala Vernes kwa imani tu, fanya hesabu yako. Jumla ikiwa 16, kuna sura tatu. Ya kwanza ni 8 kwa 8: ukipasi wanaanguka pigo moja, unapata 50, ukipanda unaanguka wewe, unatoa 50, au 100 wakipiga dabo. Ya pili, wao 9 ninyi 7: ukipasi unatoa 140, ukipanda unatoa 100 wasipokupiga dabo, na 300 wakikupiga. Ya tatu, wao 7 ninyi 9: ukipasi unapata 100, ukipanda unapata 140. Ona kwamba sura ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, inataka pasi. Ya pili inakutegemeza kwenye huruma ya mpinzani. Ya tatu inakupa 40 za ziada.

Ongeza turufu moja tu, jumla iwe 17, na picha inageuka kabisa. Wao 9 ninyi 8: pasi inakugharimu 140, kupanda kunakugharimu 50, au 100 kwa dabo. Wao 8 ninyi 9: pasi inakupa 50, kupanda kunakupa 140. Pande zote mbili kupanda kunashinda. Ndiyo maana huwaambia wanaonijia kujifunza kwamba shupaza ya sita ina thamani kuliko ghulamu wawili. Ningekupa shupaza sita, kopa mbili na pointi 9 tu, ningekutaka useme shupaza tatu bila kusita.

Kanuni hii si ya kushikwa kama msahafu, na wapo mabingwa walioipinga hadharani. Hukosea kwa pigo moja mara nyingi na kwa mawili mara chache. Lakini hukosea kwa mwelekeo unaoweza kuutabiri. Mkiwa na rangi mbili zinazokutana kwa wingi, mfano shupaza 8 na pia uru 9, mapigo huwa mengi kuliko sheria inavyosema. Mkiwa na bibi na ghulamu waliotawanyika, hasa ndani ya rangi ya wapinzani, mapigo hupungua. Umbo nalo lina neno lake: 5-3-3-2 yako ni umbo la mtu wa kukaa nyumbani, hasa zile tatu zikiwa kopa. Kopa moja pekee ingekuwa habari nyingine, maana binamu yako angekuwa na kopa nyingi za kukata kwa turufu zako, na karata zake za heshima zingekuwa kwenye rangi zinazowafaa.

Jambo jingine ambalo naona hukulitazama: wao ndio waliovuka mpaka kwanza. Kopa 8, wamefika ngazi ya tatu. Kazi ya shupaza moja na shupaza mbili zenu ilishakamilika hapo: mmewatoa kwenye kopa mbili zilizokuwa na mapigo 8 salama, mkawasukuma mahali wanapoanguka. Mnunuzi anayejua kazi kwenye mnada wa samaki, mwenzake akipitisha bei ya soko, humwachia samaki wake. Wewe ukamnunulia.

Basi tuseme umepasi. Mkataba ni kopa tatu, mchezaji ni wa kulia kwako, na karata ya kwanza ni yako. Hapa ndipo ningependa tukae zaidi, maana watu hufikiri karata ya kwanza ni bahati nasibu, na wengi wakishataja rangi kwenye mnada huona ni aibu kutoitoa.

Tazama rangi moja moja. Kopa: kutoa turufu ukiwa na bibi-10-4 ni kumzawadia pigo. Toa 4, ghulamu wa bubu (mwenzake wa mchezaji, ambaye karata zake hulazwa wazi mezani) anakula, kisha ree na mfalme wanamvuta bibi wako, na pigo ulilokuwa nalo mkononi limepotea. Turufu hutolewa pale unapohofia mchezaji atakata sana kwa mkono mfupi wa bubu, na mara nyingi ukiwa na ndogo mbili au tatu zisizo na kitu.

Uru: mfalme-ghulamu-5 ni rangi ya kuomba wengine waianze. Ukiitoa wewe, bibi wa bubu anakula papo hapo na mfalme wako hapati pigo tena.

Shupaza: umeniambia ungetoa ree. Swali la kujiuliza ni mfalme yuko wapi. Mnada umekwisha kukuambia. Wewe una 11. Aliyefungua na kurudia kopa tatu ana kama 14, mwenzake 8, binamu yako 7. Kwa mgawanyo huo, uwezekano wa mfalme kuwa kwa aliyefungua ni takriban mara mbili ya kuwa kwa binamu yako. Na aliyefungua ndiye mchezaji, anayecheza baada yako kila mara wewe ukianzisha pigo. Ukitoa ree, mfalme wake anakuwa huru. Ukitoa ndogo chini ya ree, bibi wa binamu yako anaanguka kwa mfalme. Kwa vyovyote mfalme anapata pigo, nawe unabaki na moja. Lakini akiitoa binamu yako, bibi akipita kwanza, mfalme amekwama katikati: akimfunika, ree yako inamla na ghulamu anafuata. Asipomfunika, bibi anakula na ree inamchukua mfalme pigo linalofuata. Mapigo mawili badala ya moja, na hiyo ndiyo tofauti ya 140 zao na 50 zenu.

Imebaki pau 7. Sikuichagua kwa sababu nataka kukata pau ya tatu. Kukata ni kwa mtu mwenye turufu ndogo zisizo na kazi, 7-4-2 au ree-7-2, si kwa mwenye bibi-10-4 ambaye tayari ana pigo lake la turufu bila jasho. Naichagua kwa sababu rangi nyingine tatu zote zinatoa zawadi, na hii haitoi. Nayo inafanya kazi nyingine kimyakimya: inampa binamu yako nafasi ya kuingia. Mfalme wa bubu, ree ya binamu yako, na sasa yeye ndiye mwenye kutoa.

Atarudisha nini? Hapa sharti awe amesikiliza. Uliingilia kwa shupaza, halafu hukuanza na shupaza. Akijiuliza kwa nini, jibu ni moja au mawili tu, na la kwanza ni kwamba una ree bila mfalme na unangoja apitishe yeye. Akiweka bibi wa shupaza mezani, mkataba umeanguka: ree ya pau, shupaza mbili, bibi wa kopa na mfalme wa uru. Matano. Jaribu rangi nyingine yoyote kama karata ya kwanza, uone kama wanakosa mapigo 9. Hawakosi.

Utaniuliza, na itakuwa haki yako: je, mfalme wa shupaza angekuwa kwa binamu yako? Basi ree ingekuwa salama kabisa, na pau nayo isingekuwa na hasara kubwa, maana shupaza zenu zisingekimbia popote kwa pigo moja au mawili. Hatari ya pau ingekuwa pale ambapo bubu ana pau tano nzuri, binamu yako hana ree, na mchezaji ana muda wa kutupa shupaza zake juu yake. Lakini hapo ndipo bibi-10-4 yako inapokusaidia tena, kwani hawezi kumaliza turufu bila kukupa nafasi. Kwa hiyo kosa la ree likitokea ni ghali, kosa la pau ni nadra.

Badili viti kidogo na jibu linabadilika. Mchezaji wa kopa angekuwa wa kushoto kwako, binamu yako ndiye angetoa, na shupaza 4 ingekuwa karata nzuri kuliko zote, ikimkuta mfalme kwa bubu akiwa mbele ya ree na ghulamu wako. Ndiyo faida ya kuingilia kwa rangi yenye ree-ghulamu: unamwelekeza mwenzako. Wanaoingilia kwa shupaza bibi-6-5-3-2 kwa sababu tu wana pointi 11 ndio wanaowafanya wenzao watoe kutoka kwa mfalme-3 na kupoteza pigo. Na kama wa kulia angeishia kwenye mkataba wa “bila turufu” ngazi ya tatu, ambao hauna rangi ya turufu, ningetoa shupaza 7 hata usiku wa manane: pale unampa mfalme pigo lake mapema ili karata zako ndefu ziwe huru baadaye. Kwenye mkataba wa kopa karata hizo ndefu zitakatwa, hakuna cha kusubiri.

Mambo mawili ya adabu ya meza, kwa ufupi. Karata ya kwanza hutolewa kifudifudi, kisha mwenzako ana nafasi ya kuuliza maana ya madau kabla haijafunuliwa. Usiirushe wazi kama tufanyavyo kwenye wahedi wa sitini. Na ukiwaza sana juu ya kopa tatu kisha ukapasi, binamu yako haruhusiwi kutumia kusitasita kwako kuamua lolote. Barazani kukonyezana ni nusu ya utamu wa karata. Kwenye briji ya mashindano utaitiwa mwamuzi.

Sasa dabo. Najua kilichokuvuta. Kwenye jozi hushindani na wale wawili mezani, unashindana na wengine waliokaa kiti kama chako na mkono huohuo. Baadhi yao waliachwa wacheze shupaza mbili, wakala mapigo 8, wakaandika 110. Wewe kwa pasi na ulinzi mzuri unaandika 50, chini yao. Hilo linaumiza, na ndipo mchezaji wa jozi anapoona dabo kama njia ya kurudisha kilichochukuliwa. Lakini kopa tatu ikianguka pigo moja kwa dabo, na wao hawako hatarini, ni 100. Bado uko chini ya 110. Utakuwa umewapita tu wale walioandika 50, na kwa faida hiyo umeweka rehani 530, maana kopa tatu yenye dabo ikitimia inahesabiwa kama gemu: 180 za mapigo, 300 za gemu, na 50 za kuivunja dabo. Kwa ree ya shupaza uliyokuwa umejiandaa kuitoa, 530 ndizo mngetoa.

Wangekuwa hatarini ningefikiri tofauti. Pigo moja kwa dabo linakuwa 200, linazidi 110 na 140 za meza nyingine zote, na una pigo la hakika la turufu, ree, na mfalme wa uru aliye nyuma ya aliyefungua. Hapo kwenye jozi ningeipiga dabo, ingawa mkono ungetetemeka kidogo. Kwenye timu, ambako tofauti ndogo hazina uzito na 730 za mpinzani aliye hatarini ni msiba, nisingeipiga hata hapo. Juzi hawakuwa hatarini. Pasi, pau 7 kifudifudi, na kazi ya kumpitisha bibi wa shupaza umwachie binamu yako.